Laptopu ya chuo inunuliwe kama ng'ombe wa maziwa



Januari moja, siku chache kabla vyuo kufunguliwa, mama mmoja wa Kaptagat alipigia simu dawati letu la huduma kwa wateja. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea diploma ya kompyuta katika chuo kimoja mjini Eldoret, na wenzake walikuwa wamemwambia kwamba bila laptopu hafiki popote. Mama akauza mtamba. Pesa ikaingia kwenye simu. Jioni hiyo hiyo binti akaona tangazo mtandaoni: laptopu ya Core i7, "kama mpya", shilingi 18,000 tu, picha tano safi, na muuzaji anayejibu haraka na kwa adabu. Muuzaji akaomba 5,000 za kuishikilia, maana "kuna mwingine anaitaka". Zikatumwa. Kesho yake akaomba 1,200 za kusafirisha mzigo kutoka Nairobi. Zikatumwa. Siku ya tatu simu yake ikawa haipatikani.

Mama alitupigia siku ya nne. Wakati huo pesa ilikuwa imeshatolewa kwa wakala zamani. Tulichukua maelezo, tukamwelekeza kituo cha polisi apate namba ya OB, tukampa pole. Lakini tuseme ukweli, pole haimsomeshi mtoto. Shilingi 6,200 zilikuwa zimeenda.

Kabla ya kukata simu alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Na mimi ng'ombe sijawahi kununua kwa picha."

Ametukubalia tusimulie kisa hiki, jina lake tumeliacha. Na maneno yake ndiyo maoni yetu ya leo. Huku kwetu watu wanajua kununua kitu cha bei kwa makini. Wanahesabu meno, wanashika kiwele, wanaomba kuona akikamuliwa jioni na tena asubuhi, wanauliza kwa nini anauzwa. Lakini mtu huyo huyo akifika kwa laptopu, kitu cha bei karibu sawa na ndama mzuri, anatuma pesa kwanza na kuuliza maswali baadaye. Sisi tunasema: laptopu ya chuo inunuliwe kama ng'ombe wa maziwa. Ujue kazi yake, umkague mwenyewe, ulipe ukishaona maziwa.

Jua kwanza kazi yake

Makosa mengi huanza hapa. Mzazi akisikia "kusomea kompyuta" anadhani mtoto anahitaji mashine kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji naye hana haraka ya kumsahihisha.

Kuandika programu ni, kwa sehemu kubwa, kuandika maandishi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajifunza lugha kama Python, C au Java, anatengeneza kurasa za wavuti, anafanya mazoezi ya hifadhidata. Kazi hiyo haihitaji mashine ya wachezaji gemu. Inahitaji vitu vinne tu, na tunavitaja kwa mpangilio wa umuhimu.

Cha kwanza ni memori, ile inayoandikwa RAM kwenye stika. Chukua GB 8, usishuke hapo. Mwanafunzi hufungua kihariri, kivinjari chenye kurasa kumi na hifadhidata kwa wakati mmoja. Kwa GB 4 mashine inaanza kukohoa. Akifika hatua ya kutengeneza programu za simu kwa Android Studio, Google wenyewe wanaanzia GB 8, na zinahitajika zaidi akiwasha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Kwa hiyo uliza: je, memori inaweza kuongezwa? Laptopu yenye GB 8 na nafasi ya kuongeza hadi 16 ni bora kuliko ile iliyofungwa moja kwa moja.

Cha pili ni diski ya SSD, GB 256 hivi. Diski ya zamani inayozunguka huifanya hata mashine nzuri iwe kama mzee anayepanda mlima. Ukibadilisha diski hiyo tu, laptopu ile ile inafufuka.

Cha tatu ni prosesa, na hapa ndipo watu hushikwa. Tangazo linapiga kelele "Core i7!" na mnunuzi anafikiri 7 ni kubwa kuliko 5, basi mambo yamekwisha. Sivyo. Angalia kizazi. Kama imeandikwa i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi cha 8. Kama ni i7-3520M, hicho ni kizazi cha 3, kilichotoka mwaka 2012. Hiyo i5 ya kizazi cha 8 ina viini vinne, na ile i7 ya kizazi cha 3 ina viwili. Ni sawa na kuambiwa ng'ombe ni wa kizungu bila kuambiwa ana miaka mingapi. Meno ndiyo yanasema.

Cha nne ni kibodi na betri. Huyu mtoto ataandika saa nne, tano kwa siku. Kibodi iliyolegea ni adhabu ya miaka miwili. Na betri, kwa mtu anayeishi Kaptagat, inastahili maelezo yake. Tutarudi hapo.

Jambo moja zaidi: uliza chuo kabla ya kununua chochote. Iwe ni The Eldoret National Polytechnic, Rift Valley Technical Training Institute, Moi University au University of Eldoret, nenda idara yenyewe na uulize kozi inatumia programu gani. Kozi ikiwa na usanifu wa picha za 3D, mahitaji yanapanda. Na kama mtoto anaota kutengeneza programu za iPhone, ajue kifaa cha kazi hiyo, Xcode, kinakaa kwenye Mac peke yake. Lakini ndoto hiyo inaweza kungoja mwaka wa pili. Swali la dakika tano idarani linaweza kukuokolea shilingi 20,000.

Mpya au iliyotumika?

Hapa tuna msimamo, na tunajua si kila mtu ataupenda. Kwa familia yenye shilingi 30,000 hivi, tunaona laptopu ya ofisi iliyotumika ni bora kuliko laptopu mpya ya bei ya chini.

Laptopu mpya ya bei hiyo mara nyingi huja na prosesa dhaifu, memori ya GB 4 isiyoongezeka na hifadhi ndogo ya GB 64. Ina kartoni, ina harufu ya upya, na baada ya miezi sita mtoto anaanza kulia nayo. Laptopu za ofisi zilizotumika, kwa upande mwingine, zilitengenezwa zifanye kazi kila siku kwa miaka. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 zote ni za mwaka 2018, zote zina nafasi mbili za memori, na fundi wa kawaida anaweza kuzifungua. Vipuri vyake si vigumu kupata. Hatuuzi laptopu wala hatulipwi na kampuni hizo. Tunazitaja ili uwe na mahali pa kuanzia ukiingia dukani.

Kuna tarehe moja ya kukumbuka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa chache sana za kabla yake. Ndiyo maana siku hizi utaona mashine za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6 zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Ofisi za ng'ambo zinazitoa, zinatua kwetu. Si kwamba ni takataka. Mtu anayejua Linux, kwa mfano Ubuntu ambayo ni ya bure, anaweza kuzitumia vizuri, na mwanafunzi wa programu atajifunza Linux mapema au baadaye. Lakini ukinunua ya aina hiyo, nunua kwa bei yake halisi, ukijua unachonunua. Usiuziwe ng'ombe aliyekauka kwa bei ya anayekamuliwa.

Mkamue dukani

Ukifika dukani, iwe ni Barabara ya Uganda pale Eldoret au kwingine, usiombe kuonyeshwa. Omba kukaa nayo nusu saa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu. Fanya hivi:

1. Washa ikiwa haijachomekwa kwenye stima. Kama haiwaki bila chaja, betri imekufa, na bei lazima ishuke.

2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa utendaji. Hapo utaona memori ni GB ngapi, nafasi ngapi zimetumika, diski ni SSD au la, na jina kamili la prosesa. Linganisha na tangazo. Mashine haina sababu ya kukudanganya, mtu anayo.

3. Fungua dirisha jeusi la amri na uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti ya betri. Angalia uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Kama kilichobaki ni chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mazungumzo yenu.

4. Fungua ukurasa mtupu na ubonyeze kila herufi ya kibodi, moja baada ya nyingine. Ng'ombe ana chuchu nne na kila moja hukaguliwa. Usiache hata kitufe kimoja.

5. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Jaribu kamera, maiki, spika na Wi-Fi. Inua skrini na kuishusha taratibu uone kama inameta au bawaba zimelegea.

6. Izime, iwashe tena. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, au ikitaja kampuni fulani kama mwenyewe, iache mezani. Inaweza kuwa ya wizi, au bado imefungwa na ofisi ilikotoka.

Kama hujui mambo haya, nenda na anayejua. Kila kijiji siku hizi kina kijana aliyesomea kompyuta. Mlipie nauli na chai. Hiyo ndiyo bima ya bei nafuu utakayowahi kununua.

Kaptagat si Nairobi

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu ambao stima yao haipotei. Kaptagat iko juu, kuna msitu, kuna mvua ndefu, na mvua ikija na radi, stima mara nyingine huenda nayo. Mwanafunzi anayeshinda nyumbani wikendi na kazi ya kukabidhi Jumatatu anahitaji betri kuliko anavyohitaji kasi. Ndiyo maana tunaipenda ile T480: ina betri moja ndani na nyingine ya kuchomoa, kwa hiyo unaweza kuwa na ya akiba iliyojaa. Nunua pia ekstensheni yenye kinga ya umeme. Stima ikirudi kwa nguvu haiulizi laptopu ni ya nani.

Bando nalo ni gharama watu hulisahau. Baadhi ya programu za kujifunzia ni GB kadhaa. Mtoto apakue vitu vizito akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, aje nyumbani na kazi tayari. Nyumbani data iwe ya kusoma na kutuma kazi tu. Na kazi yake asiiweke kwenye laptopu peke yake. Aihifadhi pia mtandaoni, kwa mfano GitHub, ambako akaunti ya kawaida ni bure. Laptopu ikiibiwa kwenye matatu, ni pesa iliyoibiwa. Mradi wa muhula mzima ukiibiwa nayo, huo ni mwaka.

Pesa: lita mbili kwa siku

Sasa tuingie kwenye eneo letu. Tuchukue laptopu ya shilingi 30,000 kama mfano.

Tuseme maziwa ni shilingi 50 kwa lita. Lita mbili kwa siku ni shilingi 100. Ukiweka hiyo 100 kando kila siku kwa siku 300, una shilingi 30,000 kamili. Lita mbili, miezi kumi. Kama mtoto yuko kidato cha nne na unajua anapenda kompyuta, hesabu hiyo inaweza kuanza leo. Iweke kwenye akiba ya kufungia, ile ambayo huwezi kuigusa kabla ya tarehe uliyochagua mwenyewe. Pesa iliyo wazi kwenye simu ina marafiki wengi.

Sasa tuseme hukuweka akiba na unakopa 30,000 kwa simu. Mkopo una ada ya asilimia 8 kwa mwezi, na unaukokota kwa miezi sita. Ada peke yake ni shilingi 14,400. Karibu nusu ya laptopu nyingine. Na mkopo wa muda mfupi haukungoji uvune viazi.

Tunajua sisi pia ni sehemu ya biashara hii ya pesa kwenye simu, na wengine watauliza mbona tunawaambia watu wasikope. Jibu letu ni fupi: mteja aliyezama kwenye deni la laptopu hatatuma pesa, hatalipa karo kwa simu, hataweka akiba. Mkopo wa haraka ni wa dharura, kama kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku. Tarehe ya kufungua chuo si dharura, ilijulikana miezi kabla.

Ikibidi ukope, tafuta mkopo wa polepole: sacco yako, chama chenu, au HELB, ambayo wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia huomba na riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, si kwa mwezi. Na kama ni programu ya mkopo kwenye simu, angalia kwanza kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zipo tangu 2022, na orodha iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Ikiwa hayuko, usimpe hata namba ya kitambulisho.

"Lakini lazima awe nayo siku ya kwanza"

Hili ndilo pingamizi tunalolisikia zaidi, na si la kupuuzwa. Mtoto akienda bila laptopu anaona aibu. Wenzake wanafungua, yeye anatazama. Mzazi haoni raha, na mlaghai anaijua hofu hiyo vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana matangazo ya bei ya kushangaza hujaa wiki za kufungua vyuo.

Maoni yetu: muhula wa kwanza unaweza kupita bila laptopu yako mwenyewe. Si rahisi, lakini inawezekana. Vyuo vina maabara za kompyuta. Mtoto aende asubuhi na mapema kabla ya foleni. Simu aliyo nayo inaweza kumfundisha misingi ya Python wakati wa jioni. Haitoshi kumaliza kozi, lakini inatosha kuanza. Kufikia mwisho wa muhula atajua kozi inataka nini, ameona za wenzake zinavyofanya, na atachagua kwa macho yake. Anayenunua mwezi wa nne akijua anachotaka amemshinda aliyenunua Januari kwa hofu.

Dunia inaijua Kaptagat kwa sababu ya wakimbiaji. Eliud Kipchoge alikuwa akifanya mazoezi huko alipojiandaa kwenda Vienna, na tarehe 12 Oktoba 2019 akamaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Siku hiyo alivaa viatu ambavyo dunia nzima ilivizungumzia. Lakini sisi wa huku tuliwaona wakimbiaji alfajiri, kwenye barabara za udongo, miaka mingi kabla ya viatu hivyo. Kifaa kizuri husaidia. Hakimfanyii mtu mazoezi.

Siku ya kulipa

Umeamua, umekagua, umekubaliana bei. Shika haya:

Usitume pesa ya kushikilia kwa mtu usiyemjua. Si 5,000, si 500. Wakikwambia kuna mwingine anaitaka, mwache aichukue. Laptopu hazijaisha duniani.

Kama mzigo unatoka mbali, lipa unapoupokea, baada ya kuufungua na kuuwasha. Muuzaji akikataa, tafuta muuzaji wa mji ulio karibu nawe hata kama bei imepanda kwa 2,000. Hiyo 2,000 ndiyo bei ya kuweza kurudi dukani.

Lipa kwa namba ya Till ya duka, si kwa namba ya simu ya "ndugu yangu" au "mhasibu". Kwa kawaida mnunuzi halipi ada, na jina la biashara hubaki kwenye ujumbe wako. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama duka linaitwa hivi na jina linasema vingine, simama hapo hapo na uulize.

Omba risiti ya karatasi yenye namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini ya laptopu, na muda wa dhamana uandikwe. "Nina dhamana ya miezi sita" ya mdomo huisha ukishavuka mlango. Ujumbe wa malipo usiufute, na piga picha ya risiti.

Na ukigundua umetuma mahali pabaya, usingoje kesho. Tupigie dakika hiyo hiyo. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya aliyeipokea, kuna tunachoweza kujaribu. Ikishatolewa kwa wakala, mikono yetu inakuwa mifupi, na hatutaki kukuahidi uongo.

Yule mama? Binti alianza chuo bila laptopu. Alitumia maabara muhula mzima, na pesa iliyobaki ya mtamba ikakaa kwenye akiba, ikiongezewa kidogo kidogo kila malipo ya maziwa yalipoingia. Mwezi wa tano walishuka mjini watatu: mama, binti na mpwa anayejua kompyuta. Walizunguka maduka manne. La tatu walikataliwa kuwasha mashine bila chaja, wakatoka. La nne wakakaa karibu saa nzima, mama mwenyewe akibonyeza vitufe kimoja kimoja huku muuzaji akicheka. Wakalipa kwa Till, wakachukua risiti, wakarudi na matatu ya jioni.

Alitupigia tena baadaye, safari hii kuuliza jinsi ya kubadilisha namba yake ya siri. Tulimuuliza laptopu inaendeleaje. Akasema inakamuliwa kila siku.

Nawe ukiwa njiani kununua na moyo una wasiwasi, tupigie kabla ya kutuma. Simu ya kabla huchukua dakika mbili. Ya baada ndiyo huwa ndefu.